Baiskeli Iliyoibiwa Mara Kumi na Moja

Baiskeli ya Tong Baoshan ilikuwa nyeusi, nzito, na ilikuwa imeibiwa mara kumi na moja. Mwizi, mara zote kumi na moja, alikuwa Tong mwenyewe.

Kila asubuhi alisimama nje ya stesheni ya Beijing, amevaa glovu nyeupe za mtu wa serikali, ingawa serikali haikuwa na habari naye. Alimtafuta mtu anayetazama juu. Sisi wenyeji hatutazami juu, tunatazama tunapokanyaga. Anayetazama juu ni mgeni, na mgeni anataka kuuona mji kwa baiskeli kama wenyeji. Tong alimkodisha kwa bei ya huruma, akashika kitu cha thamani kama dhamana, akampa ramani aliyoichora kwa mkono, nyumba yake mwenyewe ikiwa imetiwa alama ya kurudishia. Kwenye Mnara wa Ngoma alitia duara jekundu: hapa kuna tambi za mchuzi mzito, usizikose. Mgeni alitia kufuli, akaingia kula. Tong akatokea na ufunguo wa pili, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Mgeni aliporudi kwa miguu akilia, Tong alilia kumzidi, na dhamana ikabaki kwake. Tumtendee haki: machozi yalikuwa ya kweli. Alikuwa na punje ya kitunguu swaumu ndani ya glovu.

Siku moja ya vuli alitoka stesheni Mama Qu Suzhen, mtu wa Lanzhou, umri wa kuwa na wajukuu, ametazama juu mpaka kofia ikamdondoka. Shingoni alikuwa na kamera ndani ya mfuko wa ngozi. Tong alipoiona mate yalimjaa. Kwa kamera kama ile angewapiga picha wageni pale uwanjani, akiwa amekaa kwenye kigoda, na miguu yake ipumzike mpaka kufa.

"Mama, mji huu ukiuzunguka kwa basi utaona migongo ya watu tu," alisema. "Chukua baiskeli."

"Nimekuja kwa ajili hiyo hasa, mwanangu. Siku tatu nataka kupita kila kichochoro. Ila hii kamera itanivunja shingo."

"Niachie mimi. Ndiyo iwe dhamana."

"Hutaipoteza?"

"Mama, nitailalia."

Tong alichungulia kwenye kioo cha kamera, akabonyeza, ikalia kla. Sauti tamu kama hiyo alikuwa hajawahi kuisikia. Mama Qu naye aliikagua baiskeli, akainama, akalitazama tundu la kufuli kwa muda mrefu kuliko watu wanavyolitazama tundu la kufuli.

"Ufunguo ni mmoja tu?"

"Mmoja tu, Mama. Wa pili ulipotea mafuriko ya mwaka juzi."

"Pole," alisema Mama Qu, akapanda, akapiga kengele, akapotea kwenye mto wa baiskeli.

Mchana Tong alifika Mnara wa Ngoma. Baiskeli haikuwa mlangoni pa tambi. Ilikuwa ng'ambo ya barabara, katikati ya mamia ya wenzake, ndani ya kamba ya Shangazi Gao, mlinzi wa baiskeli mwenye kitambaa chekundu mkononi. Wageni wake wote walikuwa wakikwepa kumlipa Shangazi Gao senti mbili za ulinzi. Huyu alilipa. Kibao kimoja cha mianzi chenye namba kilining'inia kwenye usukani, na pacha wake alikuwa mfukoni mwa Mama Qu.

Tong alitoa ufunguo kwa utulivu mkubwa.

"Kibao," alisema Shangazi Gao.

"Shangazi, hii ni yangu. Tazama, ufunguo unaingia."

"Hata kijiti cha meno kinaingia. Kibao."

"Nimekisahau nyumbani."

"Basi lete kitabu cha usajili wa baiskeli. Bila kibao wala kitabu, hata angekuja mume wangu asingeondoka nayo. Na amewahi kuja."

Tong alirudi nyumbani kukichukua kitabu, akamkuta Mama Qu amekaa kizingitini, anajipangusa macho.

"Mwanangu, baiskeli imeibiwa."

Tong alifungua mdomo, akaufunga. Alijua ilipo, karibu angeweza kuinusa. Kisha akaelewa, na furaha ikampanda mpaka masikioni: bibi wa watu amesahau alikoiegesha. Vichochoro vyetu vinafanana, hata sisi wenyewe tunahesabu milango. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, mgeni alikuwa amejiibia mwenyewe. Tong aliinusa glovu, akalia.

"Tumalize kindugu," alisema. "Kamera ibaki kwangu, hatudaiani, wala polisi tusiwasumbue."

"Sawa. Ila tuandikiane. Na uandike kwamba ikipatikana ni yangu, nipate cha kutumainia."

"Mama, hata ikipatikana mwezini, ni yako."

"Na kitabu chake unipe. Mume wangu ataniuliza hiyo baiskeli niliiota ndotoni au vipi."

Hapo Tong alisita. Lakini kamera ilikuwa mezani, inamtazama. Ufunguo anao, na Shangazi Gao lazima aende kula wakati fulani. Alitoa kitabu, akaandika, akabonyeza dole gumba kwenye wino mwekundu, tena mara mbili, kwa ukarimu. Mama Qu alikunja karatasi vizuri, akashukuru, akaondoka akijikongoja.

Tong alikipa kikombe kizima cha chai muda wa kupoa, akaiweka kamera shingoni, akaenda Mnara wa Ngoma. Shangazi Gao hakuwa ameenda kula. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na pembeni yake, kwenye kiti cha pili, Mama Qu anamenya mbegu za alizeti. Baiskeli ilikuwa mbele yao, na vibao viwili vya mianzi vimerudi pamoja kwenye ndoano.

"Huyu ndiye wa kijiti cha meno," alisema Shangazi Gao.

"Namjua," alisema Mama Qu. "Kaa, mwanangu. Mimi nimelinda baiskeli mbele ya sinema ya kwetu miaka ishirini na sita. Kufuli lililofunguliwa kwa funguo mbili tofauti linachubuka pande mbili. Nimewaona wa aina yako, ila glovu hawakuwa nazo."

Watu watatu wanne walisimama. Kwetu watatu wanne wakisimama, dakika ifuatayo ni thelathini.

"Ufunguo wa pili," alisema Mama Qu, amenyoosha kiganja. "Ule wa mafuriko."

Tong aliitazama karatasi mkononi mwa Shangazi Gao, yenye dole gumba lake mara mbili. Akautoa ufunguo. Ilimuuma, nisiwadanganye. Baiskeli ile ndiyo iliyomlisha, na hakuwa na nyingine.

Alijifariji kwa kamera. Njiani aliipeleka kwa fundi wa picha, amuwekee filamu. Fundi aliifungua nyuma, akacheka, akaigeuza Tong aone. Ndani hakukuwa na kitu, ila springi moja ndogo ya kulia kla.

"Hii ni ya studio. Watoto huishika wakipigwa picha, wasilie."

Kesho yake Tong alikuwa anakwenda stesheni kwa miguu, kamera bado shingoni, hata hajui kwa nini. Nyuma yake kengele ikalia, kengele anayoijua.

"Pisha, mwanangu. Halafu nielekeze, ziwa liko wapi?"

Tong alisimama. Alikuwa amechoka, na miguu ilimuuma, na siku hiyo hakuwa na hamu ya kumdanganya mtu yeyote. Ziwa lilikuwa kushoto. Akanyoosha glovu nyeupe kushoto.

"Asante sana," alisema Mama Qu, akakata kulia.

Tong alimpungia, akamwita, akaapa kwa mama yake mzazi. Mama Qu alipiga kengele mara moja tu, wala hakugeuka.