Onyo kwa Miti Arobaini na Mmoja

Kwa furaha kubwa na kwa mujibu wa Kanuni ya 1, tarehe mosi Juni ilitangazwa rasmi kwamba msitu wa kabila letu la Waojibwe, uliokuwa ukitumika kiholela tangu enzi za mababu, sasa umepata utaratibu. Utaratibu huo ulikuwa mimi.

Naitwa Delmar Northbird, Mkurugenzi wa Idara ya Vibali vya Mazao ya Msitu, ardhi ya kabila ya Ziwa la Mwari Mmoja, kaskazini mwa Minesota. Kabla yangu, Mwojibwe yeyote wa hapa aliyetaka gome, kuni au maji ya mti ya kupikia sukari alijiingilia tu msituni. Anaweka tumbaku kidogo chini ya mti, anauomba, anachukua, anarudi zake nyumbani. Fomu hakuna. Mhuri hakuna. Jamani, tulikuwa tunaishi vipi?

Mimi nikaleta Fomu 7, kurasa kumi na moja, nakala tatu, jibu ndani ya siku thelathini za kazi. Na kwa kuwa hapa kwetu kila mtu ni shangazi au binamu wa mtu, nilitunga kwa mkono wangu Kanuni ya 9: hakuna kusameheana kwa sababu ya undugu, umri wala cheo. Mwenyekiti wa kabila, Mheshimiwa Wendell Bellanger, aliisoma akasimama akanipigia makofi. Nilikwenda nyumbani nikamsimulia mke wangu makofi hayo mara mbili.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Shangazi Philomene Goodsky, miaka sabini na tisa, mshonaji wa nyungo za gome, zile tunazopetea mpunga wa ziwani. Alikuja na mjukuu wake Rosalie, dereva wa basi la shule, mwanamke mwenye sauti ya kunyamazisha watoto hamsini.

"We Delmar," akasema Shangazi, "nasikia siku hizi msitu una mlango."

"Shikamoo Shangazi. Una dirisha la huduma. Kipengele cha nne, kiasi cha mazao?"

"Gome la miti sita."

"Cha tano. Je, mwenye mali ameridhia? Umeandika ndiyo. Nani huyo aliyeridhia?"

"Mti."

"Mti upi?"

"Ule mnene kwenye kona ya kwenda ziwani. Nimeuwekea tumbaku asubuhi, nikauuliza. Haukuwa na neno."

"Na sahihi yake iko wapi?"

Rosalie akaangua kicheko, akajifanya anakohoa. Mimi sikucheka. Nikawaeleza kwamba jibu litatoka ndani ya siku thelathini za kazi, na Shangazi akavua miwani.

"Mwanangu, waridi mwitu limeshachanua. Gome linaachia wiki tatu tu. Likishakaza, hata umwite nani, halitoki."

"Basi utaomba mwakani, Shangazi."

"Mwakani sioni." Alisema polepole, kama mtu anayetaja saa. "Daktari kaniambia macho haya yananifikisha majani yakipukutika, basi. Nataka Rosalie anione nikishona ungo, na mimi nimwone yeye akishona wake. Ni kiangazi hiki, Delmar. Hakuna kingine."

Nakiri kwamba kuna kitu kilinichoma kifuani. Nikafungua Kanuni ya 9, nikaisoma yote, kikapoa. Nikagonga mhuri juu ya fomu yake: IMEPOKEWA.

Msije mkadhani sikuhangaika. Nilihangaika, tena kitaalamu. Nikafanya uchambuzi, nikagundua kwamba kasoro haikuwa kwenye kibali. Kibali kilikuwa safi kabisa. Wazembe walikuwa miti. Nani aliipa ruhusa ya kuachia gome wiki tatu tu bila kuwasiliana na idara husika? Jumatano ya wiki hiyo hiyo Kamati ya Msitu ikapitisha Azimio la 14, linaloiagiza miti yote ya gome jeupe kuongeza muda wa kuachia gome hadi tarehe 31 Agosti.

Ili tusije tukaambiwa tumeionea, nikauandikia kila mti barua yake. Miti arobaini na mmoja, barua arobaini na moja, kila moja na mhuri. Mheshimiwa Bellanger alifika mwenyewe kuzibandika. Yeye alishika misumari, mimi nikagonga nyundo, misumari minne kwa kila barua, na picha yetu ikatoka ukurasa wa mbele wa jarida la idara. Mbu walitutafuna mpaka masikio. Utumishi wa umma si lelemama.

Baada ya wiki moja, miti haikuwa imejibu hata mstari. Kimya. Kiburi cha wazi wazi. Nikaiita kwenye shauri, Jumanne saa tatu asubuhi, ofisini. Katibu wangu Charlene akatoka barazani kuita kama kanuni inavyotaka: "Mti nambari moja! Mti nambari moja! Mti nambari moja!" Akaja mbwa wa jirani, akaketi. Mpaka Charlene anafika nambari arobaini na moja sauti ilikuwa imemkauka na mbwa amelala.

"Bosi," akaninong'oneza, "hivi na kama haikuja kwa sababu ina mizizi?"

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Kamati ikaamua kuwafuata watuhumiwa waliko.

Ijumaa tukapanga meza na viti msituni. Waridi lilikuwa limeanza kudondosha petali. Watu walikuja wengi, na vyombo vya supu na mikate ya kukaanga, maana hapa kwetu hata shauri la kijinga haliendi bila chakula. Mheshimiwa Bellanger akakalia kiti cha uenyekiti, akauliza kama watuhumiwa wana msemaji.

"Mimi hapa," akasema Shangazi Philomene, akasimama akishikilia bega la Rosalie.

Nikaruka. "Napinga! Mti si mtu, Mheshimiwa. Hauwezi kuwa na msemaji!"

Rosalie akabandua barua kwenye mti uliokuwa karibu, akaisoma kwa sauti ile ya basi: "Kwako Mti Nambari 17. Wewe ukiwa mmiliki halali wa gome tajwa, unatakiwa bila kukosa..."

Mheshimiwa akanigeukia. "Delmar, umeandika hivi?"

"Ni lugha ya kawaida ya kiofisi, Mheshimiwa."

"Ina mhuri?"

"Una wino mzuri kabisa," akasema Rosalie.

Shangazi akakohoa kidogo. "Basi mteja wangu ana malalamiko. Kanuni ya 3. Yeyote atakayetoboa, kuchuna au kukwaruza mti bila kibali ametenda kosa. Mjukuu wangu kahesabu matundu. Mia moja sitini na manne. Delmar, kibali chako cha kutoboa kiko wapi?"

"Idara haihitaji kibali cha idara!"

"Wewe uliandika 'yeyote'. Au yeyote ni sisi tu?"

Watu wakaguna. Mheshimiwa Bellanger alikuwa anacheka mpaka anajipiga mapaja. "Umekamatika, Delmar! Leo umepatikana!" Alicheka hivyo hadi Rosalie alipokunjua lile jarida mezani. Pale ukurasa wa mbele, akitabasamu meno yote, na misumari kiganjani, alikuwa yeye mwenyewe.

"Mimi nilishika tu," akasema.

"Anayeshika ni sawa na anayegonga," akasoma Charlene kutoka kitabu cha kanuni, bila mtu yeyote kumwomba. "Kanuni ya 3, kifungu cha pili."

Mheshimiwa akalegeza sauti. "Shangazi, si unajua mama yangu na wewe mlikuwa kama mtu na dada yake..."

"Kanuni ya 9," akasema Shangazi, na akapiga makofi, taratibu. Niliyatambua yale makofi.

Adhabu iko kwenye Kanuni ya 12, na naomba ieleweke kwamba imeandikwa vizuri sana. Vifaa vyote vya kosa vinatwaliwa na kukabidhiwa upande ulioathirika, na wakosaji wanautumikia upande huo mpaka uridhike. Wakachukua nyundo. Wakachukua misumari iliyobaki. Kisha Charlene akasema barua nazo zilikuwa kifaa, na barua bila mhuri si barua, akauweka mhuri wangu kwenye kiganja cha Shangazi Philomene. Tangu siku ya kwanza nimeulaza mhuri ule kwenye kitambaa cha sufu. Nilitokwa na machozi, na sioni aibu kusema.

Shangazi akatoa nakala yake ya Fomu 7 mfukoni mwa aproni, akaupulizia mhuri pumzi ya moto, akajigongea. Mwenye mali ameridhia.

Rosalie akaweka tumbaku chini ya ule mti mnene wa kona, akasema nao kwa sauti ya chini, akapitisha kisu wima. Gome likaachia lenyewe kwa mlio mkubwa, pana, la manjano kwa ndani, likamwangukia mikononi. Bibi yake akalisogeza hadi puani, akalitazama muda mrefu, kila mstari.

"Naliona," akasema. "Leta mizizi ya kushonea, mwanangu, tuanze leo."

Mimi na Mheshimiwa tuling'oa misumari kwa vidole hadi jioni, maana nyundo ilikuwa imetwaliwa. Tulipomaliza, Shangazi akanipa tumbaku kidogo kiganjani.

"Sasa uombe mti radhi."

Nikaiweka chini ya Mti Nambari 17. Nikaomba radhi, tena kwa dhati. Mbu wakanikalia shingoni, sikuwafukuza.

"Tayari, Shangazi. Mti umenisamehe?"

Akaweka sikio kwenye mti. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kama anayeelewa, akanishika mkono na kunigonga mhuri mgongoni mwa kiganja: IMEPOKEWA.

"Kaa hapo usubiri," akasema. "Siku thelathini za kazi."