Kamati ya Rafadha ya Dualeh

Mwezi wa Julai mwaka 1958 ilitangazwa rasmi, kwa karatasi iliyobandikwa kwenye lango la soko la Nakuru na nyingine kwenye ukuta wa kichinjio, kwamba serikali, baada ya kutafakari kwa kina, imeunda Kamati ya Uteuzi wa Rafadha. Tangazo lilifafanua kuwa rafadha ni kile kitu kinachozunguka puani mwa ndege, na kwamba mwananchi asiye na ndege hana haja ya kuingiwa na wasiwasi.

Ndege iliyohusika ilikuwa moja tu. Aliiunda Dualeh, fundi wa magari wa mtaa wa Bondeni, nyuma ya nyumba yake, kwa miaka mitatu. Injini aliing'oa kwenye gari dogo lililokufa kwenye njia ya kwenda Bahati. Mabawa na mkia alivivisha shuka sita za harusi za mkewe Kuluthum, ambaye aliambiwa kwamba zinaazimwa tu. Siku ya majaribio, kabla haijapanda hata futi moja, ndege iligonga kichuguu na propela ikakatika vipande viwili.

Hapo ndipo serikali ilipopata mlango wa kuingilia. Sheria ya kumkataza mtu wa Bondeni kuunda ndege haikuwapo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaza kuiandika. Lakini propela mpya ni kipuri, na kipuri kinataka kibali.

Kazi iliiangukia Idara ya Mambo Yasiyo na Idara, na ndani ya idara hiyo ikamwangukia karani wake, Jonah Kemboi. Huyu alikuwa mtu wa misheni, mwenye tai moja na mwandiko uliosimama wima kama askari wa gwaride. Kemboi aliamini kwa moyo wake wote kwamba jambo lisiloandikwa kwenye kumbukumbu za kikao halijatokea. Mwaka wa nyuma paa la ofisi lilivuja juu ya meza yake wiki nzima, naye hakuihamisha meza mpaka mvua ilipojadiliwa na kupitishwa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkuu wa idara, mzungu mwenye jina refu lenye kistari katikati, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Subiri. Wanachama walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mkulima wa ngano kutoka Mau Narok, aliyeteuliwa kwa kuwa shamba lake liko juu sana na hivyo ana ujirani na anga. Wa pili alikuwa daktari wa ng'ombe, kwa kuwa kiti cha tatu kilikuwa kitupu. Hakuna kati yao aliyewahi kupanda ndege, jambo ambalo Kemboi aliliona ni zuri, maana lilithibitisha kwamba hawana upendeleo.

Kanuni za kamati zilikuwa mbili. Ya kwanza: mwombaji hasemi mpaka aulizwe. Ya pili: ndege itajaribiwa uwanjani, na isiposogea yadi mia moja kwa nguvu zake yenyewe, bila kusukumwa na mtu wala mnyama, itapasuliwa na kuwa kuni za ofisi. Julai hiyo baridi ilikuwa kali.

Basi Dualeh akaketi kwenye benchi la baraza, kofia mapajani, siku kumi na tisa. Kila Bwana Subiri alipopita, Dualeh alisimama, na Bwana Subiri alisema neno lake lile moja, na Dualeh akaketi tena.

Siku ya ishirini rafadha tatu zililetwa mbele ya kamati. Ya kwanza ilikuwa ya chuma, ndefu mno, ingechimba mtaro kabla ya kurusha ndege. Hiyo daktari wa ng'ombe aliipenda kwa sababu ya ukubwa wake, lakini haikuingia mlangoni, na kamati haiwezi kuteua kitu kilicho nje ya kikao. Ya pili aliichonga Dualeh mwenyewe kwa mvule. Aliipiga randa, akaining'iniza kwenye msumari akiipima, akaikwangua tena kwa kigae cha chupa mpaka pande zote mbili zikawa na uzito mmoja. Hiyo ilikataliwa mara moja, kwa kuwa aliyeitengeneza anajulikana anakokaa.

Ya tatu ilitoka kwenye klabu ya wakulima, ukutani juu ya meko, ikiwa imepakwa vanishi na kutiwa saa katikati.

"Imekaa pale miaka kumi na moja," alisema mkulima wa Mau Narok. "Haijawahi kuanguka hata siku moja."

"Haijawahi kuanguka," Bwana Subiri alirudia, akimtazama Kemboi ili aandike. Kemboi aliandika, akapiga mstari chini yake. Ilipita bila kupingwa, kwa sharti kwamba saa itolewe kwa uangalifu na irudishwe klabu ikiwa inatembea.

Muda wote huo Dualeh alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu. Alikaa hivyo mpaka mkono ukachoka, akaubadilisha. Kikao kilipofungwa alimfuata Kemboi barazani.

"Bwana Karani, wewe mtu umesoma, nisikize. Propela iko na upande wake, kama skrubu. Injini yangu inazunguka kulia. Hii ya klabu ni ya kushoto, hata mtoto akiiangalia ataona. Nikiifunga, wallahi, hiyo ndege itarudi nyuma."

Kemboi alifikiri. "Hilo ungelisema kikaoni."

"Nitalisemaje na sijaulizwa?"

Swali hilo lilimuuma Kemboi kweli, maana alikuwa mtu mwema. Akalipeleka neno la Dualeh kwa njia halali: aliliingiza kwenye ajenda ya kikao kilichofuata, mwisho kabisa, chini ya Mengineyo. Kikao hicho kilijadili mahali pa kuweka hema la wageni, na mahali pa kuweka keki ndani ya hema. Kwenye Mengineyo hakikufika.

Kuhusu hema, iliamuliwa kwamba kwa usalama likae nyuma ya ndege, hatua sitini, mbali na makali ya rafadha. Dualeh alipolisikia hilo alimwomba Kemboi awaambie wakubwa wasikae huko nyuma. Kemboi aliandika barua nzuri sana. Jibu lilirudi saa hiyo hiyo: mwombaji anataka tuketi mbele ya rafadha, yaani anataka tukatwe. Asubiri.

Jumamosi Bondeni yote ilihamia uwanjani. Kuluthum alisimama mbele ya umati, mikono kiunoni, akitazama shuka zake. Kando ya ndege palikuwa na mashoka mawili na mtu wa kuyatumia, kwa maandalizi. Bwana Subiri alisoma hotuba kuhusu kusonga mbele.

Kemboi alikuwa na utepe wa kupimia. Kabla hajaenda kusimama mahali pake alimwinamia Dualeh kwenye kiti cha rubani.

"Dualeh, una hakika na lile jambo?"

"Kama nina hakika? Wewe shika utepe wako vizuri tu," Dualeh alisema. "Na unipimie kutoka huku mkiani."

Propela ya klabu ikazungushwa kwa mkono. Injini ilikohoa, ikatema moshi, ikashika. Ndege ilitetemeka pale pale, kama inayojiuliza maswali, kisha polepole ikaanza kurudi nyuma.

Pale kwenye hema watu walikuwa wakipiga makofi. Waliendelea kupiga kwa muda, kwa kuwa hotuba ilikuwa imewaahidi kusonga mbele na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuona vingine. Wa kwanza alikuwa daktari wa ng'ombe, ambaye kwa kazi yake alikuwa amezoea kuruka ua. Mkulima wa Mau Narok alimfuata na sahani mkononi.

"Zima!" Bwana Subiri alipaza sauti. "Wewe Dualeh! Zima hiyo kitu!"

Dualeh alisikia. Lakini alijua pia kwamba zimebaki yadi arobaini, na kwamba mashoka yako pale pale. Hakuzima. Mkia uliingia hemani kwa adabu, ukachukua turubai, kamba, viti, meza na keki, ukatokea upande wa pili navyo vyote, Bwana Subiri akitangulia mbio, kofia hana.

"Shuka zangu!" Kuluthum alilia. "Dualeh, umezichana shuka zangu!"

Kemboi hakukimbia. Alitembea kando ya gurudumu, utepe ukifunguka, akihesabu kwa sauti ya kanisani: tisini na nane, tisini na tisa, mia moja. Alipofika mia moja na kumi na mbili, Dualeh alizima. Bondeni yote ikapasuka kwa vigelegele, na Kemboi, ambaye hakuwahi kucheka akiwa kazini, alicheka mpaka akadondosha kalamu.

Kamati ilikutana papo hapo, kwa kusimama, viti vikiwa vimeondoka na ndege. Kusema ndege imeshindwa ni kusema rafadha si sahihi, na rafadha waliiteua wenyewe, tena bila kupingwa. Ikaandikwa kwamba ndege imefuzu. Fomu ya serikali ilikuwa na nafasi ya kujaza yadi, lakini haikuwa na nafasi ya kujaza upande, kwa hiyo Kemboi hakuujaza.

Ripoti ilipofika Nairobi ilifurahisha. Barua ikarudi na mhuri mkubwa: kwa kuwa mwenyekiti ameonyesha ujuzi wa kipekee wa rafadha, Jumamosi ijayo, mbele ya wageni, yeye mwenyewe atakuwa abiria wa kwanza.

Bwana Subiri aliisoma mara tatu. Halafu akachukua kofia yake na karani wake, wakashuka Bondeni kwa miguu.

Dualeh alikuwa kwenye karakana yake. Propela ya mvule ilikuwa mapajani, akiikwangua taratibu kwa kile kigae cha chupa.

"Dualeh," Bwana Subiri alianza, "ile propela yako ya mti, iko? Mimi nataka wewe funga hiyo. Tafadhali sana."

Dualeh hakuinua kichwa. Kemboi alijikuta amesema, kwa mazoea na kwa heshima zote:

"Samahani, bwana. Mwombaji hasemi mpaka aulizwe."

Bwana Subiri alimtazama karani wake, akatazama benchi ambalo halikuwapo, mwisho akaketi juu ya debe lililopinduliwa, kofia mapajani. Alikaa hapo mpaka chai ilipoiva. Aliyemuuliza alikuwa Kuluthum.

"Mkia umechanika," alisema. "Shuka zangu zimeisha. Za kwako ziko ngapi?"

Jumamosi ile ndege ilikwenda mbele, ikaacha ardhi kabla ya kufika kichuguuni, ikapanda juu ya ziwa na juu ya mji. Waliokuwa chini waliona mkia mweupe uliotiwa viraka vya shuka nzuri za hariri, zenye herufi za jina la mtu na kistari katikati. Dualeh aliizungusha juu ya soko, akaizungusha juu ya kichinjio, na juu ya ofisi ya idara akapita mara nne.

Kumbukumbu za siku hiyo zimeandikwa kwa mwandiko uliosimama wima. Mwisho kabisa, chini ya Mengineyo, Kemboi aliandika: "Abiria aliomba ateremshwe. Aliambiwa asubiri."