Kijani cha Siok-ling, Waridi la Mama

Jumanne, 19 Agosti
Siku nne tu! Jumamosi unaanza mwezi wa mizimu, wafu wanapozurura duniani na kupaka nyumba ni mwiko, na fundi rangi Khoo hashiki brashi mwezi huo hata umpigie magoti. Chumba cha maharusi bado plasta tupu. Mchumba wangu Siok-ling anataka kijani kilichokoza. Mama, mwenye nyumba, anataka waridi. Siok-ling kasema akikuta waridi anavua pete. Mama kasema akiona kijani, tukapange kwingine. Nimewakubalia wote wawili.

Jumatano, 20 Agosti
Nimepata akili! Mama hambishii mungu. Nikaenda hekaluni, nikauliza: kijani? Nikarusha vile vipande viwili vya mbao vya kuulizia mungu; kimoja chali kimoja kifudifudi ndiyo kukubali. Vyote chali: mungu anacheka. Nikarudia. Anacheka tena! Mara ya tatu vyote kifudifudi: hataki. Nyumbani nikamwambia Mama kwamba mungu kakubali mara tatu mfululizo. Akanywea. Khoo aanze kijani kesho. Mimi ni moto!

Alhamisi, 21 Agosti
Ukuta mmoja tayari. Nilikuwa napiga mluzi. Kumbe Mama kaenda hekaluni na machungwa, kushukuru! Na kwa kuwa yuko pale, akauliza mwenyewe. Karudi. Akaniuliza polepole: "A-Hiong mwanangu, mungu ndiye aliyekwambia, au wewe ndiye uliyemwambia?" Nikasema labda mungu kabadili mawazo. Nikamwagiza Khoo ukuta wa pili aupake waridi.

Ijumaa, 22 Agosti
Siok-ling kaja bila taarifa. Kaona ukuta wa waridi. Nikasema yote ni kazi ya Mama. Mama alikuwa nyuma yangu.

Wakajifungia jikoni saa nzima. Nilitega sikio mlangoni, nikaambulia milio ya vikombe. Wakatoka wamekubaliana: rangi yoyote itawafaa, tatizo ni mimi. Siok-ling kavua pete, kamkabidhi Mama. Ataivaa tena mwezi wa mizimu ukiisha, iwapo sitamdanganya mtu hata mara moja. Nimeumia, nasema kweli. Khoo kaosha brashi, kaenda zake.

Jumamosi, 23 Agosti
Siku ya kwanza bila uongo. Ngumu! Mama kaniuliza kama supu yake ya samaki imekolea. Nikaendelea kutafuna.

Ila chumba kikiisha, si watanihurumia? Wameenda sokoni wote wawili. Ndoo zipo. Nimeanza kupaka mwenyewe. Mizimu wakiuliza, nitawaambia Mama ndiye aliyenituma.