Kitenge cha Ndege wa Njano

Leo nimevaa aibu. Tena nimeishonesha kwa fundi!

Mnajua nimehamia mji wa Kamina, ng'ambo ya ziwa, juzijuzi kutoka Kigoma. Rafiki yangu hapa ni mmoja tu, jirani yangu Mama Ngoie. Akanialika kwenye mahari ya mwanawe wa kiume: "Dada, tutakutana kwabo na binti." Mwaliko wangu wa kwanza! Nilifurahi mno. Nikakimbilia sokoni kununua kitenge.

Muuzaji akanionyesha cha kijani chenye ndege wa njano. "Chukua hii, mama. Wiki hii bamama bengi njo banachukua hii."

(Hapo mwenye akili angeuliza kwa nini.)

Leo nimefika kwao binti. Mlangoni wamejaa akina mama, wote na ndege wa njano! Wakanivuta ndani. "Tantine! Ulikuwa wapi? Ingiya, ingiya!" Nikasema moyoni, tayari naitwa shangazi, watu wa Kamina wakarimu hawa! Nikapewa kiti mbele, soda mkononi.

Mara vigelegele nje. Wenzangu wakakimbilia geti na kulifunga. "Musifungule! Baongeze mbuzi!"

Sikuuliza walioko nje ni akina nani. Nilitaka tu kuwa mwenyeji. Nikaegemea geti kwa mgongo, nikapaza sauti kuliko wote: "Mbuzi mmoja? Binti yetu huyu! Ongezeni!"

Wakaongeza. Geti likafunguliwa.

Wa kwanza kuingia ni Mama Ngoie, kitenge cha bluu, kamba ya mbuzi mkononi. Nyuma yake ukoo mzima, bluu tupu.

"Dada? Ni weye njo unatufungia mulango?"

Jamani. Kumbe ndege wa njano ni sare ya kwao binti! Soda ilinipalia. Nikajua rafiki yangu wa pekee nimempoteza.

Mjomba wa binti akanitazama. "Huyu ni wa nani?"

Ndege wenzangu wote wakaangalia pembeni.

"Ni wetu," akasema Mama Ngoie. "Muturudishie muntu yetu."

Nusura nilie kwa furaha. Lakini mjomba akakunja mikono. "Mwenye makelele hivi? Mulete mbuzi ingine."

Mama Ngoie akanitazama juu mpaka chini, polepole, kama mtu anayepima mihogo.

"Mbuzi, hapana. Kuku moja."

Wakakubali papo hapo! Hata kubishana hawakubishana.

Kwa hiyo sasa mimi ni mtu wa Kamina rasmi, nimetolewa kuku. Atakayecheka asije kwangu kula.