Mguu wa Chuma wa Gumercindo

Tangu Mola aumbe mguu wa binadamu, hakutokea mja aliyeudharau hadharani kama Gumercindo Ticona, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa teknolojia ya uhandisi wa kilimo. Chuo kilikuwa bondeni, kwenye joto. Kwao kulikuwa juu, kwenye uwanda wa Oruro, ambako hata pumzi hupanda kwa mkongojo.

Alirejea Juni, majira ya jalidi, na mashine nyuma ya lori. Ilikuwa na injini moja, magurudumu mawili na kisigino cha chuma kipana kama sinia la harusi. Ubavuni paling'ara kibao cha shaba: MHANDISI G. TICONA. Shahada yenyewe ilikuwa bado haijapatikana, lakini kibao kilikwisha pigiliwa!

Mamaye, Bi Saturnina, alikuwa peku juu ya lundo la viazi. Jalidi ilikuwa imeviuma na kuvigandisha usiku tatu, naye alivikanyaga kuvikamua maji vipate kuwa chunyo, kile kiazi kikavu kinachodumu ghalani hata kikarithiwa pamoja na shamba.

"Mama, shuka! Enzi za kukanyaga zimekwisha. Hii inakamua magunia kumi kwa saa!"

"Umeijaribu?"

"Mara arobaini, chuoni!"

"Kwa viazi gani?"

"Vya sokoni. Vigumu, daraja la kwanza."

Bi Saturnina akakitazama kisigino, akavitazama viazi vyake vilivyokwisha kulainishwa na jua la asubuhi. "Mwanangu, huko chuoni jalidi huanguka?"

"Mama, fizikia haivai koti!"

"Haya, Mhandisi. Chukua gunia moja. Mengine ni ya kula."

Saa nne akawasili mtahini, Daktari Balbina Arancibia, na kofia yake nyeupe pee. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa na uamuzi: mashine ikifaulu, Gumercindo angevaa joho, ikianguka, angerudia mwaka. Majirani wakajipanga kama waliohudhuria kutawazwa kwa mfalme.

Gumercindo akakohoa kidogo. "Mabibi na mabwana! Mguu wa binadamu umetutumikia vyema, lakini umepitwa na wakati!"

"Basi rudi chuoni kwa mikono!" akadakia mzee Casimiro, jirani.

Kicheko kikazuka. Gumercindo akavuta kamba kwa hasira. Injini ikanguruma kama simba aliyepokonywa chakula, kisigino kikapaa, kikashuka: paa!

Pigo lililopimiwa viazi vigumu likaviangukia viazi laini kama sifongo. Lahaula! Rojo likaruka likatua juu ya kofia nyeupe. Pigo la pili likampaka mzee Casimiro masharubu ambayo hakuwahi kujaaliwa. La tatu likaifunika shaba, yote, pamoja na jina. Gumercindo akakimbilia swichi, akateleza, akakaa chini katikati ya uvumbuzi wake. Kisigino kikazama matopeni, injini ikakata roho.

Daktari akafuta miwani. "Ticona, nguvu ya pigo uliipimia kiazi kibichi?"

"Ndiyo, Daktari."

"Na wewe ni mzaliwa wa hapa?"

Jibu la hili aliiambia ardhi.

Daktari akavua viatu, akalisogelea lundo la Bi Saturnina. "Shikamoo mama. Naruhusiwa? Sijakanyaga tangu marehemu mamangu aondoke."

"Marahaba, mwanangu, panda. Taratibu. Ngozi ikianza kuteleza, nyanyua."

"Umesikia, Ticona? Ngozi ikianza kuteleza, nyanyua. Kipimo ulichohitaji kilikuwa nyumbani kwenu. Kabla ya kuunda mguu mwingine, kanyaga magunia kumi kwa huu uliopewa. Alama atakupa mama yako."

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu, ulimwengu ulimfunza miaka minne, ukachoka, ukamrudisha kwa mamaye.

Siku ya tatu, nyayo zikiwa zimekufa ganzi, akauliza kwa unyenyekevu, "Mama, nimefaulu?"

Bi Saturnina akainama, akachunguza viazi kimoja kimoja.

"Mguu wa kushoto umefaulu," akasema. "Wa kulia bado ni mhandisi."