Yah: Ombi la Kupandisha Bei ya Gemu Kabla ya Idd

Bi. Mwanamvua, mjane wa Isihaka,
Janga, Mlandizi.

Kwa Meneja,
Duka la Firdausi na Wanawe, Kibaha.

Ndugu Meneja,

Assalaam alaykum. Naomba uisome barua hii baada ya kufuturu, maana mtu mwenye njaa hasikii malalamiko ya mwenzake.

Mimi ni mjane wa marehemu Isihaka, mkulima wa mananasi. Huenda unamkumbuka. Ni yule mzee aliyekuja dukani kwako kununua pampu ya maji akarudi nyumbani na mashine ya gemu. Nilipomuuliza pampu iko wapi alisema, "Mama Tunu, pampu italeta maji tu. Hii italeta watu." Sikusema naye mpaka magharibi. Lakini watu walikuja, na maji pia yalikuja, kwa sababu aliweka sheria: anayefungwa anachota ndoo moja kisimani. Tangu siku hiyo mtungi wangu haukukauka.

Gemu ile aliinunua kwa bei kamili, na kwa miaka yote ilikuwa peke yake hapa kwetu. Sasa Ramadhani hii umebandika tangazo kwamba bei imeshuka kwa ajili ya Idd. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumba yangu imekuwa kimya. Kabla ya tangazo lako, ndala zilijaa barazani mpaka jogoo akakosa pa kupita. Sasa karibu kila nyumba ina gemu yake, na barazani kuna jozi moja tu ya ndala, nayo ni yangu.

2. Punguzo lako linawanunulisha hata wasio na haja. Jirani yangu Biubwa hana runinga. Amenunua gemu, ameiweka kabatini na kuifunika kitambaa cha kufuma. Nilimshauri airudishe. Akanijibu, "Nikirudisha leo, kesho nitaikuta imepanda!" Mtu aliyefikishwa hapo si mteja tena, ni majeruhi.

3. Binti yangu Tunu ameolewa Msimbu, Kisarawe. Kila Idd huja na wanawe, na watoto wale husema wazi kwamba wanafuata gemu ya babu. Sikuwahi kuona ubaya. Mtu akija amekuja, na akishakuja atakula. Juzi Tunu kanipigia simu. Mumewe, Zaidi, alipita Kibaha, akaliona punguzo, akanunua. Watoto wamesema, "Mwambie bibi tutakuja Idd ya kuchinja." Ndugu Meneja, hii ni Idd yangu ya kwanza tangu nitoke eda, na nimekwisha kununua tambi za watu wengi.

4. Mtungi umekauka. Sina haja ya kuongeza maneno.

5. Hili ndilo kubwa. Hapa kijijini sufuria la shughuli liko kwa Mwanaamina. Ngazi ndefu iko kwa mzee Hussen, rafiki wa marehemu. Jeneza liko msikitini. Gemu iko kwangu. Ndivyo tunavyokaa: kila mmoja ana kitu cha kumfanya mwenzake apige hodi. Leo umeshusha bei ya gemu. Ukiona faida, Idd ijayo utashusha ya masufuria makubwa, na kila mtu atapika pilau yake na kuila nyuma ya pazia. Kisha ngazi. Kisha, Mungu apishe mbali, majeneza: punguzo la sikukuu, nunua moja upewe na sanda. Kila nyumba ikiwa na jeneza lake uvunguni, nani atambeba mwenzake?

Marehemu wangu alibebwa na watu wengi hata wengine wakakosa pa kushika, wakawa wanaligusa tu jeneza kwa ncha za vidole. Si wote walikuwa wanunuzi wa mananasi. Wengi ni watu waliowahi kumfunga gemu. Hakujua kucheza, Isihaka. Gari likikata kona kwenye kioo cha runinga, naye anakata kona, kwa mwili mzima, mpaka anamlalia aliyekaa jirani. Nilikuwa nakaa upande wa kulia makusudi, kwa sababu kona za kulia ndizo zilizokuwa nyingi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Bei irudi ilipokuwa, au ipande kidogo zaidi kwa usalama.

(b) Ikishindikana, mkazi wa Janga asiuziwe gemu bila barua ya mwenyekiti wa kitongoji inayothibitisha kwamba kwake hausikiki mlio wa runinga yangu. Na mkwe anayekaa Kisarawe asiuziwe bila idhini ya mama mkwe wake.

(c) Waliokwisha kununua wabadilishiwe, wapewe pampu za maji.

Nisalimie vijana wako wa dukani, hasa yule aliyelifunga boksi la gemu ya marehemu kwa kamba ya katani. Kamba ile mpaka leo naanikia kanga. Salamu pia kwa mama yako, kwa mkeo, na kwa mlinzi wa mlangoni, ambaye marehemu alisema alimpokea vizuri.

Ni mimi ninayengoja hodi,
Bi. Mwanamvua

Tanbihi: Barua hii ilikosa mtu wa kuileta Kibaha, na sasa Idd Mosi imepita. Tafadhali usipandishe bei.

Jana alasiri mzee Hussen alibisha. "Shemeji, runinga yako ina nafasi? Kwangu wajukuu wanacheza gemu, wameniambia nisubiri zamu!" Nyuma yake akaja Abdulkadiri, fundi cherehani, naye kafukuzwa kwake. Kisha Mwanaamina na wenzake, wanaotaka tamthilia yao. Jua linashuka nikasikia pikipiki: Zaidi mbele, Tunu nyuma. Watoto wamewaacha kwa bibi yao wa Msimbu, wamegandia gemu, na mkwe wangu alitaka kutazama mpira. Tunu aliingia moja kwa moja jikoni. Tambi zimekwisha zote.

Mpira ulipomalizika, timu ya mzee Hussen ilikuwa imefungwa. Nikampa ndoo.

"Shemeji, mimi sikucheza, nilikuwa natazama tu!"

Baraza zima likamjibu, "Sheria ya Isihaka! Chota, mzee, usitupotezee muda!"

Akaenda kisimani huku anacheka. Mtungi umejaa mpaka unatoa jasho.

Amebaki mzee Mwishehe tu. Kwake hawajanunua gemu, maskini, bado anatazama runinga yake peke yake. Ukiishusha bei kidogo tena, naye atafukuzwa. Mtungi wa pili nimeshauosha.