Giaboksi ya Mwalimu Felicitas

Hudhaifa alikuwa fundi wa magari kwa mdomo tu. Spana aliishika pale alipompokeza mwenzake. Riziki yake hasa ilikuwa kigari chekundu alichofanyia teksi, kizima kuanzia taa hadi injini. Asubuhi moja ya Julai, katika kale kabaridi kanakowafanya watu wa Dar watembee na masweta, alikuwa akikioshesha kwenye kituo cha kuoshea magari hapo Segerea. Mara likaingia gari kubwa jeupe, la otomatiki, linang'aa. Macho yakamtoka.

Aliyeshuka alikuwa Mwalimu Felicitas, mstaafu, na kitenge chake begani.

"Shikamoo, mama. Chuma hicho!"

"Marahaba, mwanangu. Chuma, ila safari inanitia wasiwasi. Loveness wangu kajifungulia Makete, yuko peke yake na kichanga, na huko asubuhi barafu iko kwenye majani. Lazima nifike keshokutwa."

Baada ya kuoshwa gari likawashwa, na ndani ya dashibodi mwanamke akasema kwa Kijapani. Kila mwenye gari la mtumba anamjua bibi huyu. Hulalamikia kadi ya kulipia barabara za kwao, lakini kwa kuwa hatumwelewi tunamheshimu, kama tunavyoheshimu wengi tusiowaelewa.

"Umemsikia?" Hudhaifa alishika kichwa.

"Kwani unamwelewa?"

"Miaka sita bandarini na Wajapani, mama! Anasema oili ya giaboksi ni ya baridi kupita kiasi. Kila siku anakulilia, wewe unadhani anakusalimia."

"Basi ni kweli. Hata fundi wangu alisema giaboksi ina kasoro, kwamba oili iki..."

"Ikipoa!" Hudhaifa alidakia. Tapeli mzuri humsaidia mteja kumalizia sentensi.

Mwalimu alimtazama kidogo. Miaka thelathini na mbili darasani ilikuwa imemfundisha mengi kuhusu watu wanaojibu kabla swali halijaisha.

"Ikipoa," alisema taratibu. "Sasa nifanyeje, baba? Nimwache mwanangu?"

Hudhaifa akaeleza. Kule Makete oili ingekuwa nzito kama ugali uliolala, gia zisingeingia, na mama angekwama mlimani na fisi. Japani wana hita ya kuipasha, huku haipatikani. Dawa ni moja: kigari chake chekundu. Kimezaliwa kwenye baridi, kimelelewa Njombe.

"Tubadilishane. Wala sitaki nyongeza, nakuonea huruma tu."

"Mungu akubariki. Lakini mie ni mjane, mwanangu. Nijazie tenki. Na tairi hilo la nyuma kipara, badilisha."

Hudhaifa akajaza tenki akafunga na tairi jipya, huku moyoni anacheka. Mwalimu akamsihi aliendeshe kwanza lile jeupe, alijaribu. Akazunguka mtaa mara moja, dakika nne. Gia zikaingia laini kama siagi. Hakutaka kuzunguka zaidi, mama asije akazinduka.

Wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuandikishana. Hudhaifa mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania iandikwe kwamba kila mmoja ameridhika na gari alivyolikuta, hakuna kurudishiana. Mwenyekiti akagonga muhuri, wakapeana kadi za magari, wakaombeana heri.

Saa saba mchana, tajiri mpya alikuwa kwenye foleni ya Vingunguti, kioo kimeshushwa ili waliomjua wamwone. Jua lilikuwa limeshasahau kwamba ni Julai. Foleni ilisogea hatua, ikasimama, ikasogea. Kwanza gari likashtuka. Kisha likawa linanguruma bila kwenda. Mwisho hata kunguruma kukawa kwa unyonge, na nyuma yake honi zikaanza kumtukana mama yake.

Akapiga simu. Hofu ilikuwa imemshika kikweli. Kigari kile ndicho kilichomlisha yeye na watoto wake.

"Mama! Giaboksi haivuti!"

"Ee, imeshapata moto hiyo." Sauti ya Mwalimu ilikuwa na upepo wa safari. "Fundi alisema asubuhi ikiwa baridi inakwenda vizuri, ikichemka inateleza. Nilitaka nikwambie, ukanikatiza."

"Mbona hukurudia?"

"Wewe ndiye unayejua Kijapani, baba. Mie niko Chalinze. Kigari kinakimbia hiki! Loveness atafurahi."

Simu ikakatika. Muuza utumbo aliyekuwa anatoka machinjioni na ndoo yake akainama dirishani.

"Braza, toa gari! Ishu nini?"

Hudhaifa alifuta jasho kwa kiganja.

"Oili ya giaboksi," alisema. "Imepata joto."

Hakuwa amezoea kusema kweli, na neno hilo lilimtoka kwa shida. Kisha akashuka kusukuma.